Dorney Lake: lambo lililochimbwa kwa ajili ya kasia

Kazi yangu ni kuchimba malambo. Nimechimba Bahi, nimechimba Chamwino, na mara nyingi maji yanayojaa Januari ng'ombe wanakuwa wameyamaliza kabla ya Septemba. Kwa hiyo mwaka jana, nilipopelekwa Uingereza kwa mafunzo ya miezi mitatu, Jumamosi yangu ya kwanza nilishuka treni Windsor, kasri la mfalme nikaliacha nyuma, nikakamata njia ya Eton Wick hadi Dorney. Zaidi ya saa moja kwa miguu. Nilitaka kuliona ziwa ambalo watu wamelichimba ili wapige makasia.

Kutembea ukingoni sikulipa kitu. Ziwa ni la shule ya Eton College, na kokoto na mchanga uliotoka humo wakati wa kuchimba uliuzwa. Hilo peke yake lilinikalisha kwenye nyasi. Dodoma tuna mashimo mangapi ya moramu yaliyobaki wazi tangu ujenzi ulipopamba moto? Mchimbaji akishapata mzigo wake anaondoka. Kule shimo lilichorwa kwanza, kokoto zikafuata mchoro.

Urefu ni mita 2,200. Mbio za makasia ni mita 2,000, zinazobaki ni za mashua kupunguza mwendo. Njia ziko nane, kila moja ina upana wa mita 13.5, na kina ni mita 3.5. Kina hicho kina maana yake. Chombo kikipita kwenye maji mafupi, maji yanayosukumwa chini yake yanakosa pa kwenda, chombo kinakuwa kizito mkononi. Sasa njia yako ikiwa na tope jingi kuliko ya jirani, umeshindwa na tope, hukushindwa na mtu. Nimekulia Mtera, baba yangu ni mvuvi, nayajua hayo. Kiangazi bwawa likishuka na visiki vikatokeza, mzee anayejua pa kupita anamwacha mbali kijana mwenye mabega mapana. Kwa uvuvi ni sawa kabisa, ule ni ujuzi. Lakini ukitaka kujua nani mpiga kasia bora, lazima kila mmoja umpe maji yaleyale.

Nilimtumia baba video. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, wimbi lao linafia wapi?"

Sikuwa nimeliangalia. Nikarudi ukingoni. Kingo zimelazwa, hazikusimama wima kama ukuta, kwa hiyo wimbi linapanda taratibu na kuishia hapohapo badala ya kugonga na kuwarudia walio njiani. Tena mashua zinazopasha misuli au zinazorudi mwanzo zina mfereji wao pembeni, haziwatikisi wanaoshindana. Nilipomweleza baba akasema, "Aliyepanga hivyo ameshawahi kushika kasia."

Siku hiyo kulikuwa na mashindano ya vijana. Kila mashua hurudi nyuma taratibu hadi kwenye kigati kidogo, na juu yake kuna mtu amelala kifudifudi, ameshika tezi, yaani ncha ya nyuma ya mashua, kwa mikono miwili ili wote waanze mstari mmoja. Njia zinatenganishwa kwa maboya yaliyofungwa kwenye nyaya ndefu zilizovutwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtindo huo unaitwa Albano, kwa jina la ziwa la Italia ulikotumika kwenye Olimpiki ya 1960. Wapiga makasia wanakwenda na migongo mbele, hawaoni mwisho, na boya ndilo linalowaambia kama wamepinda. Mbio za kayaki ni nyingine: wao wanatazama mbele, njia zao ni za mita 9, na umbali ni mita 200, 500 au 1,000.

Dosari niliyoiona ni upepo, nao hauchimbiki. Eneo ni tambarare, na ukivuma wa ubavuni, njia iliyo karibu na ukingo wenye kinga inapata maji matulivu kuliko ya mbali. Kwenye mashindano makubwa waamuzi wanaweza kupanga upya njia, waliofanya vizuri kwenye mchujo wapewe zile nzuri. Ukienda, vaa koti hata kama jua linawaka.

Kabla ya kuondoka nilikaa muda mrefu pale mwisho wa mbio. Maji hayo ndiyo ya Olimpiki ya 2012. Hapo Sizwe Ndlovu na wenzake watatu wa Afrika Kusini walichukua dhahabu. Na hapo alipita Hamadou Djibo Issaka wa Niger, nchi kavu kuliko Dodoma yetu, aliyekuwa amejifunza makasia kwa miezi kama mitatu tu. Alifika wa mwisho, na watu wakamshangilia mpaka akavuka mstari. Nilitaka kuona aliona nini alipoingia pale. Aliona njia iliyonyooka, yenye kina kilekile cha wale waliomtangulia.

Lambo nililomaliza mwezi uliopita huku Bahi nimelaza kingo zake kuliko nilivyozoea. Baba ameshaniuliza urefu. Nimemwambia mita tisini, na kwamba mvua ikishajaza aje na mtumbwi.