Hela weka kwenye kokoa, si kwenye tende: chokoleti za nyumbani bila oveni

Haya jamani, karibuni. Leo mezani nina tende za aina tatu, poda tatu za kahawia ambazo dukani zote zinakaa rafu moja, bakuli la karanga na kichupa cha mafuta ya nazi. Tunaangalia vile vitafunwa vya chokoleti visivyopikwa, vinavyopata utamu wake kwenye tende. Sukari ya kopo hatuigusi. Wengi mmekuwa mkiuliza tende gani ya kununua. Hilo nitalijibu haraka haraka nihamie kwenye kokoa, maana huko ndiko watu wanakopigwa.

Tende basi. Hii ni Medjool, ile mikubwa ya boksi, ina nyama nyingi, ukiiminya inabonyea. Hii ya kati ni tende ndogo za pakiti. Na hii ni ile iliyoshindiliwa mpaka ikashikana bonge, sokoni unakatiwa kwa kilo, pale Kariakoo utaikuta mpaka uchoke Ramadhani ikikaribia. Ya kula hivihivi na kahawa, Medjool inashinda, sina ubishi. Lakini sisi tunaisaga pamoja na kokoa na karanga, na ikishasagwa ile tofauti uliyoilipia huioni tena. Nyumbani nimewapa watu waonje bila kuwaambia kipi ni kipi, wakabaki kubishana. Kwa hiyo chukua bonge lako, ila fungua kila tende kwa mkono. Toa kokwa, na angalia ndani kama kuna mdudu.

Ikiwa kavu sana, iloweke kwenye maji ya moto dakika kumi, ichuje, halafu ikaushe na kitambaa safi. Usiruke hapo kwenye kukausha. Maji yakibaki, mchanganyiko haushikani, na unachacha mapema. Yale maji matamu usimwage, yatie kwenye uji.

Sasa kokoa. Geuza pakiti. Huku mbele kuna picha ya chokoleti inachuruzika, achana nayo. Orodha ya viungo hupangwa kwa uzito, kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Hii ya kwanza ni chokoleti ya kunywa. Kiungo cha kwanza ni nini? Sukari. Kokoa inafuata nyuma. Kwa kikombe cha maziwa jioni sina neno nayo, lakini kwa kazi yetu ya leo umeikataa sukari mlangoni ukaipitishia dirishani.

Hii ya pili kiungo chake ni kimoja tu, kokoa. Rangi ni kahawia iliyopauka, inaelekea wekundu. Ukiilamba ni chungu, na nyuma ya uchungu kuna uchachu. Hii ya tatu nayo ni kokoa, lakini wameongeza potasiamu kaboneti, wakati mwingine utaona wameandika E501. Usiogope, hicho ni ndugu wa magadi yetu. Kinaua ule uchachu na kuikoleza rangi. Ufundi wenyewe unatokana na Mholanzi, Coenraad van Houten, katika karne ya 19. Kwenye keki, kuchagua kati ya hizi mbili kunagusa hata keki inavyoumuka. Hapa hakuna kinachoumuka, chagua kwa ulimi. Watoto wangu wanataka hii nyeusi. Mimi naichukua ya pili, kwa sababu tende ni tamu mno na ule uchachu unaukata utamu wake.

Kuna kingine kwenye pakiti ambacho wengi hawakisomi: mafuta. Poda nyingi za kokoa zina asilimia 10 hadi 12. Ukikutana na yenye 20 hadi 22 na mfuko unaruhusu, beba. Hatupiki na hatutii siagi, kwa hiyo mafuta ya kokoa yenyewe ndiyo yanayokupa ile hali ya chokoleti mdomoni. Ndiyo maana nasema ile hela uliyookoa kwenye Medjool ilete huku.

Na hili huwa linanikera kidogo. Kokoa inalimwa Kyela na Rungwe kule Mbeya, inalimwa bonde la Kilombero, Morogoro. Wakulima wanaichachusha, wanaianika, halafu sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa mbegu, na sisi tunakuja kununua poda iliyosagwa huko mbali. Ukiwapata wasagaji wa hapa nchini wajaribu. Pakiti yao uisome vilevile, undugu pembeni.

Tuje kwenye mafuta ya nazi. Video nyingi za wenzetu wa nchi za baridi zinakwambia yayeyushe, changanya na kokoa, chovya, weka friji. Inapendeza kweli. Ila mafuta ya nazi yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25 hivi. Dar mwezi wa Januari, au Mombasa mwezi wa Machi, kichupa chenyewe kinashinda jikoni kikiwa maji. Kitafunwa kinatoka kwenye friji kinang'aa, kikifika shule kimehamia kwenye daftari la hesabu. Ndugu zangu wa Njombe na Makete, na nyie mlioko Ulaya, kwenu itakubali. Kwetu Pwani kishikizo ni karanga. Au korosho, kama uko Mtwara na unazipata kwa bei ya kibinadamu.

Karanga zenyewe uzichambue kwanza. Iliyosinyaa, yenye ukungu, au inayokuachia uchungu mdomoni, tupa. Kukaanga hakuondoi sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu.

Vipimo ni hivi. Tende gramu 250, upime baada ya kutoa kokwa. Karanga zilizokaangwa gramu 150. Kokoa vijiko vinne vya chakula, visawazishe juu. Chumvi, bana kwa vidole viwili tu, lakini usiiache, bila chumvi kokoa inapooza. Saga karanga kwanza mpaka zianze kutoa mafuta, weka kokoa na chumvi, mwisho tende kidogo kidogo. Blenda ya juisi kazi hii inaiumiza, mota inapata moto na kuanza kunuka, kwa hiyo saga kidogo, ipumzishe. Kusema kweli kinu na mchi vinafanya vizuri zaidi, na vile vipande vya karanga vinavyobaki ndivyo ninavyovipenda. Finyanga vidonge vya mviringo kama ladu, viringisha kwenye ufuta uliokaangwa au nazi kavu, weka friji nusu saa. Unapata kama 24. Kuna mtu atataka kuongeza unga wa ngano ili viwe vingi. Hapana. Unga mbichi usioiva hauliwi, tumia oats za pakiti, uzisage.

Sasa nisikilizeni hapa, maana nimeona watu wanaviuza wameandika "haina sukari". Tende, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari. Fanya hesabu kwenye hivi vyetu: kila kimoja kina kama gramu 7, hazifiki vijiko viwili vya chai. Kinachoifanya tende iwe afadhali kuliko sukari ya kopo ni kwamba umekula tunda zima na nyuzinyuzi zake, na kimoja au viwili vinakukinaisha. Mwenye kisukari asidanganywe na hayo maandishi, avihesabu kama anavyohesabu vyakula vyake vingine. Na vinanata kwenye meno, kwa hiyo mtoto anywe maji akimaliza, na usiku apige mswaki.

Mtoto wa chini ya miaka mitano usimpe vyenye vipande vya karanga, anaweza kupaliwa. Chake saga mpaka kilainike kabisa. Na wale mnaobadilisha tende kwa asali, mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali, hata tone.

Kwenye friji, ndani ya chombo chenye mfuniko, mimi vyangu sivipitishi wiki moja. Friza vinakaa zaidi.

Na kwa nyie mnaotaka kuuza: kwa Tanzania, mambo ya chakula tangu 2019 yako TBS, Shirika la Viwango, yametoka kwa waliokuwa TFDA, ile Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa hiyo anzieni huko kabla hamjachapisha lebo. Na kwenye hiyo lebo neno KARANGA liandikwe kubwa, lionekane bila miwani, maana kuna watoto wenye mzio, na anayemnunulia si lazima awe mama yake.