Hadubini au PCR: kipi kitumike kuchunguza sianobakteria wenye sumu?

Maji ya Ghuba la Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, yanapogeuka kijani, mara nyingi Microcystis huwa miongoni mwa sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea) waliomo, na mtaalamu wa hadubini huweza kumtambua na kuhesabu seli zake siku hiyo hiyo. Asichoweza kuona ni sumu, kwa kuwa ndani ya jenasi hiyo zimo aina zinazotengeneza sumu iitwayo microcystin na zisizoitengeneza, nazo hufanana kwa umbo.

Hapo PCR ya kupima kiasi cha DNA, mbinu ya maabara inayonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kigundulike, hushinda waziwazi: hutafuta jeni kama mcyE, inayohusika na utengenezaji wa sumu hiyo, na huweza kuigundua kabla utando haujaonekana juu ya maji. Hata hivyo, jeni ni uwezo tu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 1 ya microcystin-LR (mojawapo ya aina za sumu hiyo) kwa lita ya maji ya kunywa hupimwa kwenye sumu yenyewe, si kwenye DNA.

Hadubini hudumu miaka mingi, ingawa gharama yake iliyojificha, kwa maoni yangu, ni kumfunza mtu na kumbakiza kazini. PCR hudai vitendanishi (kemikali za kipimo) vya kutunzwa kwenye friza na umeme usiokatika, na mboji iliyomo majini huweza kuizuia, ikatoa jibu la uongo kwamba jeni haimo.

Mtambo mdogo wa maji unaohitaji tahadhari ya kila wiki utafaidika zaidi na hadubini. Maabara inayotaka kujua iwapo mlipuko ujao wa sianobakteria utakuwa na sumu, na yenye bajeti ya kudumu ya vitendanishi, ina sababu ya kuchagua PCR.