Dawa ya kioo cha bafu: ilipiwe au iachwe?

Ukijenga nyumba Unguja siku hizi, fundi wa aluminiamu atakuuliza: kioo cha bafu, kile kinachozungushia sehemu ya kuogea, kitiwe dawa ya kupunguza madoa ya maji au kiachwe hivyo hivyo? Mimi natunza nyumba za wageni upande wa Jambiani, na jibu langu huanzia kisimani.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Mvua ikipenya humo, maji hutoka yamebeba chokaa hiyo. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako. Tone likikaukia kwenye kioo, maji yanaondoka, chokaa inabaki. Sisi wa pwani tunaongezewa na chumvi, ila chumvi huondoka kwa kumwagiwa maji baridi. Chokaa haiondoki hivyo, na ikikutana na sabuni ya kipande hufanya utando wa kijivu. Ukiiacha muda mrefu, kioo chenyewe huanza kulika. Hapo siki haisaidii tena, dawa haisaidii. Ni kusuguliwa kwa mashine au kununua kingine.

Dawa nyingi hufanya kazi ya jani la jimbi: uso wa kioo unakataa maji, tone linajikunja duara na kuteremka. Tone litakalogoma kuteremka litaacha chokaa yake pale pale, dawa ipo au haipo. Tofauti ni kwamba doa lake hutoka kwa urahisi zaidi. Anayekwambia kioo hakitahitaji tena kufutwa anakudanganya.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naupa mpira wa kufutia vioo, ule wa mpini mfupi. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na dawa yoyote. Kila anayemaliza kuoga avute maji kuanzia juu hadi chini, basi. Nyumba ya watu wazima wenye nidhamu haihitaji kulipia zaidi ya hapo.

Tatizo ni wageni. Mgeni aliyetoka baharini hafuti kioo, wala huwezi kumlazimisha. Kwa nyumba za kupangisha, nafasi ya pili inastahili pesa: kioo kilichotiwa kinga kiwandani, mfano ShowerGuard ya Guardian. Kinga hiyo inashikamana na kioo chenyewe, kwa hiyo hudumu. Lakini agiza mapema na upime mara mbili, kwa sababu kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa moto, hakikatwi tena kikishachomwa.

Ya tatu ni dawa ya chupa unayopaka mwenyewe, kama Rain-X inayojulikana kwa vioo vya magari. Hufifia baada ya wiki kadhaa au miezi, nawe unarudia. Si mbaya kwa bafu moja.

Ya mwisho kabisa ni kumlipa mtu apake dawa kwenye kioo cha zamani chenye madoa. Nililipia hiyo. Fundi hakuondoa chokaa kwanza, madoa yakafungiwa chini ya dawa, na kioo kikaonekana kichafu hata kilipokuwa kimetoka kuoshwa. Kioo cha zamani kipanguse kwa siki au ndimu mpaka kiteleze mkononi, ukisuuze, kikauke, ndipo upake. Baada ya hapo usitumie stiluwuli wala sabuni ya unga yenye mchanga, maana zinakwangua dawa. Kioo kilichotiwa kinga kiwandani, uliza kwanza kama siki inaruhusiwa. Jik haiyeyushi chokaa, na tafadhali usiichanganye kamwe na siki: hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu, na bafu ni chumba kidogo.

Ukiwa dukani, omba kikombe cha maji. Umwagie kioo chenye dawa na kisicho nayo, vikiwa vimesimama, uangalie maji yanavyoteremka. Uliza dawa iko upande gani, na kama dhamana ya maandishi inahusu maji ya kisima. Muuzaji akisita kwenye hilo la kisima, chukua kioo cha kawaida na mpira wako.