Sebule ya kuchezea mpira, geti la jela

Nianze na geti la nyumba tuliyopanga Dar ili twende Hifadhi ya Mikumi, maana hata nikianza na sebule nitarudi getini tu.

Saa 10:05 alfajiri. Gari limepakiwa tangu usiku, maboksi ya barafu yako nyuma, watu 6 wameshakaa. Geti limefungwa kwa makufuli mawili. Ufunguo wa kwanza anao mlinzi. Wa pili anao msimamizi wa jengo, naye amelala nyumba ya chini kabisa, hatua 20 kutoka pale, simu inaita mpaka inakata. Mara 7. Mlango ukagongwa, kimya. Alitoka saa 11:20, msuli kiunoni, na shikamoo zetu akazipokea kwa mguno. Tukamkumbusha kwamba jioni tulimwambia saa ya kuondoka na akajibu "hamna shida, wakuu." Akasema hivi, na sijaongeza neno: "Haraka ya nini? Wanyama hawahami, mtawakuta."

Wanyama wanahama. Hata asiyewahi kukanyaga Mikumi anaweza kulijua hilo kwa kumwangalia mbuzi wa jirani saa 7 mchana. Simba anahangaika usiku na alfajiri. Jua likishapanda anajilaza kwenye kivuli, na nyasi zikiwa ndefu unampita mita 10 usimwone. Uwanda wa Mkata ndio unaofanya watu waende Mikumi, na uwanda ule uko wazi, kivuli chake ni cha kuhesabu. Kufika adhuhuri nyati na nyumbu wameshasogea kwenye miti, na mbele yako panabaki joto linalochezacheza juu ya nyasi. Viboko utawakuta bwawani, sawa. Kiboko ndiye mnyama pekee anayekubaliana na msimamizi yule.

Sasa hesabu ya njia, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niichague nyumba hii na ndiyo iliyonitia hasira. Iko Mbezi Beach. Kutoka hapo unapita Tangi Bovu, Goba, unatokea Mbezi Mwisho na kuingia Barabara ya Morogoro bila kugusa Mwenge wala Ubungo. Saa 10 alfajiri kipande hicho ni kama nusu saa. Ukivuka Kibaha na Mlandizi kabla daladala hazijaamka vizuri, mizani ya Vigwaza unaikuta malori bado hayajajipanga barabarani, Chalinze unaiona kukipambazuka, Morogoro unakunywa chai saa 2. Lango la Kikoboga, kilomita 280 hivi kutoka Dar, unalifikia saa 3 na kitu.

Ukitoka saa 11:30 usidhani umepoteza saa moja na nusu. Saa moja na nusu hiyo inazaa. Mbezi Mwisho unakutana na mabasi ya mikoani yanayotoka stendi ya Magufuli, Kibaha unakutana na wanafunzi, baada ya hapo unafuata lori moja hadi jingine bila nafasi ya kupita. Kila kijiji mwendo ni 50, na askari wenye tochi za kupima mwendo wameshakaa chini ya miembe yao. Sisi lango tuliliona saa 6:40 mchana. Kwa aliyepanga kulala kule hasara ni ndogo. Kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, umelipa kiingilio cha kuangalia viboko. Kuondoka nako hakusubiri: barabara kuu inakata ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, mwendo wa juu ni 70 mchana na 50 usiku, na ukigonga mnyama unalipa kulingana na aliyegongwa. Ukitaka kuvuka kipande hicho na mwanga, saa 10 jioni uwe unatoka.

(Mambo mawili ya langoni kwa wasiojua: noti hazipokelewi, ni namba ya malipo kwa simu au kadi, kwa hiyo salio liwepo kabla hujafika. Na Mtanzania abebe kitambulisho, la sivyo ataeleza sana kwa nini asilipe kwa dola. Kibali ni cha saa 24 na cha kuingia mara moja. Ukitoka kwenda kula mjini Mikumi kisha ukarudi, unalipa upya.)

Haya, sebule. Nitakuwa mkweli ingawa sijapoa. Sijawahi kuona sebule ya hivi kwa bei ile. Nimeipima kwa hatua: 8 kwa 6, vigae vitupu, feni mbili za darini. Mtu anayekwenda mbugani mara kwa mara anajua thamani ya nafasi, na wala si ya kukaa, ni ya kukaushia hema. Hema likikunjwa na unyevu, kwa hewa ya Dar siku mbili zinatosha liote ukungu, na harufu ile haitoki. Kwenye baraza halikauki vizuri: usiku kuna umande, na karibu na bahari hewa ina chumvi. Hapa unalisimamisha zima sebuleni, milango yake wazi, feni inazunguka, ndani ya muda wa saa 5 au 6 limekauka mpaka kwenye mishono. Kama limetoka Hifadhi ya Saadani, kwanza pitisha kitambaa cha maji yasiyo na chumvi kwenye zipu, maana mchanga wa pwani ndio unaozila. Tulisimamisha mahema mawili na bado watu walipita kwenda jikoni bila kuruka kamba.

Na jikoni kuna friza. Si ile droo ya barafu juu ya friji, friza ya kusimama, ya kimo cha mtu. Apatimenti nyingi za Masaki zinakupa kijifriji cha kufika gotini na birika la umeme, basi. Hapa tuligandisha chupa 10 za lita moja na nusu. Acha nafasi ya vidole vinne juu, maji yakiganda yanatanuka na chupa inapasuka. Zipe siku nzima, usiku mmoja hautoshi, katikati inabaki maji. Chupa 10 kwenye boksi la lita 50 zinakufikisha siku ya pili na nyama bado baridi, mradi boksi lisifunguliwe kila mtu akitaka soda. Zikiyeyuka, unayanywa. Barafu ya mfuko haikupi hilo.

Maegesho pia ni mazuri. Ni uani, wazi. Hili watu hulisahau: gari la safari lenye paa la kunyanyuka ni refu, na paking za chini ya majengo mengi mjini hazilipokei. Pima gari kabla ya kulipia, usipime boriti kwa paa.

Hapa nilikuwa tayari kutoa nyota nne. Ilikuwa jioni ya siku ya kwanza, na geti lilikuwa wazi.

Umeme ni LUKU, unanunua mwenyewe. Tulitia 20,000, yuniti zikaja pungufu kuliko hesabu, kwa sababu kodi ya jengo inakatwa humohumo na nyumba ilikuwa imekaa miezi bila mtu kununua. Deni la miezi hiyo linamwangukia wa kwanza anayenunua tokeni. Kwa hiyo kabla ya kupokea funguo, mwambie mwenye nyumba anunue tokeni ya kwanza yeye. Akikataa, unajua kuna deni. Viyoyozi viwili ni vya zamani, kila kimoja kinakula karibu yuniti moja kwa saa. Ukiviacha usiku kucha vyote viwili, asubuhi unaamshwa na mlio wa mita. Feni zinatosha Juni na Julai.

Maji sina la kulalamika sana. Tangi ni la lita 2,000 kwa nyumba nne, na watu 6 waliotoka kwenye vumbi wanaoga kama watu 12. Viatu vya matope visioshwe bafuni, ule udongo mweusi wa Mkata unaziba mtaro kama saruji.

Turudi getini.

Mzee wa getini (huyu ni mwungwana, alitutolea viti vya plastiki na akatusaidia kugonga ule mlango) alitueleza sababu. Huko nyuma kuna mpangaji aliyehama usiku na friji ya nyumba pamoja na kodi ya miezi. Tangu hapo mwenye jengo akaamuru makufuli mawili, geti lifunguliwe saa 12 asubuhi na kufungwa saa 5 usiku. Naelewa. Ningekuwa na friza ile, hata mimi ningeifungia makufuli mawili. Dawa yake ni daftari la elfu mbili: mlinzi akae na funguo zote, aandike namba ya gari, nyumba, saa, na mpangaji aweke sahihi. Majengo mangapi Dar yanafanya hivyo? Mengi tu.

Ninachokataa ni kutangaza nyumba kwamba inafaa kwa "familia na safari za mbugani", dalali anakuonyesha jiko, anakuonyesha bafu, anakuonyesha hata antena, halafu jambo la saa 12 asubuhi linakuja kwako saa 10 usiku wa kiza. Sheria ile inaua safari pande zote mbili. Ukitoka Mikumi saa 12 jioni unafika Dar kwenye saa 6 usiku, geti limefungwa saa nzima iliyopita. Hata mwenye kupanda treni ya SGR ya asubuhi kwenda Morogoro ili akakodi gari kule, ambayo ni njia nzuri na inaondoa foleni yote niliyoitaja, lazima afike stesheni iliyoko mjini mapema. Kutoka Mbezi Beach, kwa geti la saa 12, abahatishe.

Kwa hiyo dalali usimuulize kitu kuhusu geti, atasema ndiyo kwa kila kitu. Muulize mlinzi, na muulize hivi: "Mzee, saa 10 alfajiri ufunguo uko kwa nani?" Akitaja mtu mwingine, omba namba ya mtu huyo, umpigie siku hiyohiyo kabla hujalipa. Kama geti ni la mota, uliza ufunguo mdogo wa kuachia mota uko wapi, maana umeme ukikatika geti halisogei, na kama jenereta ni ya kuwashwa kwa mkono mtasubiri mwashaji. Makubaliano ya saa ya kutoka yaandikwe kwenye ujumbe wa simu. Sisi yetu yalikuwa ya mdomo, na mdomo ule asubuhi ulikuwa umelala.

Anayekwenda Hifadhi ya Nyerere kwa barabara asipange upande huu kabisa, geti liwe zuri au baya. Njia ni ya Kilwa: Mbagala, Kibiti, kisha Mloka na lango la Mtemere. Kulala Mbezi Beach ni kuanza safari kwa kuvuka jiji zima. Kipande cha Kibiti hadi Mloka ni cha udongo, na masika usikijaribu na gari dogo. Anayepanda ndege ndogo pale Terminal One, begi liwe laini na kilo zisizidi 15. Mnaokwenda Saadani ndio mnaofaidi: Barabara ya Bagamoyo iko mlangoni, unatoka saa 12 na nusu, geti limeshafunguliwa, na msimamizi hata anakupungia mkono.

Basi kwa Saadani panga. Nasema hivyo nikiwa nimekasirika, kwa hiyo amini. Nyumba ile ni nzuri. Nilikuwa nimeandika nyota mbili, nikazifuta, nikaweka tatu kwa ajili ya sebule na yule mzee wa viti.

Kisha amana ikarudishwa. Imepungua 20,000. Tulipouliza, jibu likaja kwa ujumbe wa maneno manne: "Kufunguliwa geti kabla muda." Yaani saa nzima na robo tuliyokaa kwenye viti vya plastiki tukiitazama Mikumi ikiondoka, tumeilipia sisi.

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya friza.