Mafuta ya jojoba, miezi tisa sasa: chupa ya kwanza nilipigwa

Nianze kwanza kusema mi ni mtu wa aina gani, maana mafuta yanayomkubali mwenzio wewe yanaweza kukutoa mapele. Niko Dar, nywele zangu ni kipilipili kile chenyewe kabisa cha kuvunja meno ya kitana, dawa ya nywele niliacha 2021 nikanyoa zote nikaanza moja. Uso wangu una mafuta, ikifika saa sita mchana paji linang'aa kama nimepakwa samli, ila shuka chini sasa, miguu na viwiko vimepauka utadhani nimetoka kuchota mchanga. Na chunusi za kidevu kila mwezi zikikaribia zile siku, hizo tushazoeana.

Miaka yote kichwani napaka mafuta ya nazi, mwilini mgando, usoni sipaki kitu naogopa. Nazi siisemi vibaya, tumekuzwa nayo, ila kwangu mimi nikipaka siku mbili tatu nywele zinakua ngumu kama katani, nikichana zinakatika nasikia kabisa zinavyolia. Msusi wangu ndio akaniambia jaribu jojoba.

Nikaenda Kariakoo duka moja la vipodozi nikauziwa kachupa ka mls 60 kwa elfu 8, kameandikwa mbele kwa herufi kubwa pure jojoba oil asilimia 100, kanukia vizuriiii kama pafyumu ya harusini. Nikapaka kichwani, nikapaka usoni, wiki ya pili shavu lote la kulia limejaa vichunusi vidogo vidogo vya ndani vile visivyoiva. Nywele ndio kabisa, zinang'aa juu ila ukishika ni kavu. Nikasema haya basi jojoba ni mambo ya watu wa mtandaoni, nikakatupa kwenye droo.

Sasa kuna dada tunafanya nae kazi, jioni anatengeneza sabuni za mche na za kuogea anauza. Nikamsimulia akacheka, akaniambia leta hiyo chupa. Aliisoma nyuma, yale maandishi ya mchwa ambayo hakuna anayesoma, ya kwanza kabisa, yani ndio iliyo nyingi, ilikua Paraffinum Liquidum, halafu ndio Parfum, jojoba yenyewe iko karibu na mwisho huko. Yani nilinunua mafuta kama yale wanayopaka watoto wachanga yakawekwa pafyumu na tone la jojoba la kuombea. Yule dada akasema chupa ya kweli nyuma inatakiwa iwe na jina moja tu, Simmondsia Chinensis Seed Oil, basi, hakuna kingine. Na hilo neno chinensis lisikutishe ukadhani ni feki ya Mchina hahaha, mmea wenyewe asili yake ni jangwani huko Arizona, California na Mexico, waliouandika jina la kitaalamu zamani walichanganya tu wakadhani umetoka China na jina likabaki hivohivo.

Akanipa na kipimo cha friji. Chukua kijiko cha mafuta weka kwenye kikombe acha usiku mzima kule chini sio kwenye friza. Jojoba ya kweli inaganda, kwa sababu ikishuka kama nyuzi 10 kwenda chini inaanza kuwa na ukungu halafu inashikana. Ile yangu asubuhi ilikua inachezacheza kwenye kikombe kama chai. Ila msije mkaniambia mafuta yangu yameganda kwahiyo ni jojoba, hapana, nazi nayo inaganda tena hata bila friji, Julai hapa Dar asubuhi mbona tunaiona. Kwahiyo kipimo kinakuonyesha feki zile za alizeti na za paraffin, nazi utaijua kwa pua.

Chupa ya pili niliagizia kwa mtu anayeleta vitu kutoka nje, mls 118 elfu 48. Niliumia jamani. Hii haina harufu karibu kabisa, labda kwa mbali kama karanga mbichi, rangi ya dhahabu kama asali nyepesi. Kuna zile nyeupe kama maji, hizo sio feki, zimesafishwa tu kiwandani, ila mi napenda hii ya dhahabu. Ikaganda kwenye friji, nikaitoa, nusu saa imerudi maji kama kawaida wala haijaharibika.

Kitu ambacho dada wa sabuni alinifungua macho ni kwamba hayo sio mafuta, ni nta. Nta ya maji. Anasema hata kwenye sabuni anaweka kidogo tu mwishoni maana haigeuki sabuni vizuri kama nazi au mawese. Na mafuta ambayo ngozi yetu inayatoa yenyewe nayo yana nta ya aina hiyo ndani yake, robo hivi, ndio maana jojoba ikikaa usoni haikai juu juu kama mgando. Nikaja kusoma pia kwamba huko Marekani zamani walikua wanatumia mafuta ya nyangumi kwenye mashine na kwenye vipodozi, walipopiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 70 ndio jojoba ikaanza kulimwa kwa wingi kwasababu inafanana nayo. Mi hapo ndio nikaelewa kosa langu. Nta haiongezi maji, inafunga yaliyopo. Nilikua napaka kwenye nywele kavu, sasa inafunga nini? inafunga ukavu.

Kwahiyo sa hivi nafanya hivi. Jumapili naosha, natia kondishena, nasuuza, na nywele zikiwa bado zinachuruzika maji nazigawa mafungu nane, kila fungu nachukua jojoba kidogo tu kiganjani nasugua mikono napitisha kuanzia kwenye ncha kupanda juu, nasokota. Ncha ndio zinakatika, mizizi ya kichwa ina mafuta yake. Kichwa kizima hakimalizi kijiko cha chai. Katikati ya wiki napuliza maji na kispreyi naongeza matone machache. Nikisuka rasta naingiza kwenye mistari kwa ile chupa ya kunyonya kama ya dawa ya macho, muwasho wa wiki ya kwanza unapungua sana. Baada ya miezi mitatu ndio niliona tofauti kwenye kitana, zamani nilikua natoa furushi la nywele, sasa ni kidogo cha kawaida. Kuotesha? Sijui wanaosema inaotesha nywele wanaota wapi. Nywele zangu zinakua spidi ileile, ila zinabaki kichwani badala ya kubaki kwenye kitana, kwahiyo urefu unauona. Nywele za mbele zilizoliwa na rasta za kubana hazijarudi hata moja.

Usoni niliogopa sana baada ya ile ya kwanza, nikajaribu kwanza nyuma ya sikio siku mbili, halafu nikaanza matone matatu usiku tu, uso ukiwa na unyevu, nabonyeza na viganja wala sisugui. Asubuhi nakuta ngozi laini na sio ya kuteleza. Chunusi za kidevu zimepungua ila zile za kila mwezi bado zinakuja kusalimia, moja mbili, zamani zilikua kikundi. Madoa meusi niliyoachiwa na ile chupa ya kwanza hayajatoka kwa jojoba, nasema ukweli, waliowaambia inatoa madoa wawarudishie hela. Na haikingi jua, mchana bado unahitaji losheni ya jua.

Ilipo kiboko kabisa ni kutoa mekapu. Nimetoka kwenye kichenpati na wanja wa maji na kope za kubandika, nikapaka jojoba, nikasugua polepole, vyote vimeyeyuka vimetoka na kitambaa, hamna kulia macho. Baada ya hapo unaosha na sabuni yako ya uso.

Mwilini naona ni ufujaji kwa bei hii. Miguu yangu naipa mgando, na hata dada wa sabuni anapaka mgando. Viwiko na visigino nachanganya, mgando na matone mawili matatu ya jojoba.

Wifi yangu nilimpa ajaribu, usiku huohuo akawashwa shingoni akatoka vipele, kwahiyo usimpake mtoto uso mzima eti kwa sababu ni ya asili. Mume wangu yeye nilimkuta anaiba anapaka kidevuni akishanyoa. Vile vipele vya ndevu anavyo bado, ila anasema hakuungui tena, na ngozi haibanduki ule unga mweupe.

Kingine nilichokipenda, haichachi haraka. Mafuta ya alizeti niliyokua nachanganya na mambo yangu ya nywele yalinuka baada ya miezi michache kabatini na joto hili, hii ipo juu ya kabati hilohilo tangu nifungue na harufu haijabadilika. Julai nilienda nayo kwa mama Njombe, naamka asubuhi nakuta imekua nzito imeshikana kwenye kona za chupa, mama akaiangalia akasema mwanangu mafuta yako yamekua kimbo. Nikaishika kwapani dakika kumi nikapaka. Yeye sasa ananipigia simu ananiuliza ile kimbo yangu unaniletea lini, na mimi nimebakiza kama vidole viwili chini ya chupa na elfu 48 nyingine sijaipata.