Uzoefu wangu: ekzosi ya mbio niliyotengenezewa Mbeya

Kama una gari la zamani na unataka kulifungia ekzosi ya mbio, halafu fundi akakwambia atachomelea bomba moja kwa moja toka manifodi (lile bomba linalokusanya moshi kwenye injini) hadi nyuma "ili moshi usizuiwe", chukua funguo zako uondoke. Nimeanza na hilo kwa sababu hasira bado ninayo.

Gari langu ni Corolla AE111, injini 4A-FE iliyokaa kwa kukingama. Injini iliyokaa hivyo ukikanyaga mafuta inajipinda upande mmoja, ukiachia inarudi upande wa pili. Ndiyo sababu ya kile kiungo cha kati ya manifodi na bomba, chenye bolti za springi na gasketi ya duara: injini inacheza inavyotaka, bomba halipati shida. Gereji moja hapa mjini walikikata. Wakachomelea bomba gumu. Nilikuwa nimesimama palepale, nikauliza. Nikajibiwa kwamba kiungo kile ni cha magari ya kwendea sokoni.

Lilidumu wiki chache tu. Tulikuwa kwenye mazoezi, uwanja wa vumbi nje ya Iringa, natoka kwenye kona huku nimekanyaga, mara mlio ukabadilika ukawa wa kupasua masikio. Nikazima, nikaingia uvunguni. Ufa umelizunguka bomba zaidi ya nusu, chini kidogo ya manifodi, mahali palepale pa kile kiungo. Na kelele ndiyo shida ndogo. Ufa ulikuwa kabla ya sensa ya oksijeni, kwa hiyo hewa ya nje ikawa inanyonywa humo, sensa inaona petroli haitoshi, kompyuta inazidi kumwaga petroli. Plagi zote nne nilizikuta nyeusi tii. Siku yangu ya mbio ikaishia hapo. Nikarudi Mbeya taratibu nyuma ya malori, Mafinga, Makambako, Igawa, vioo vimeshushwa nisivute moshi, na wanaojua baridi ya Makambako usiku wanaelewa nilivyofika.

Nikaenda gereji kesho yake. Mwenye gereji ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha ufa. Hakuinama hata kuangalia. "Kijana, gari lenyewe la miaka ya tisini, ulitaka likae vipi?" Vijana wake wakacheka. Nikamwambia mzee, kilichokatika ni bomba lako la juzi, gari halijakatika. Akanigeuzia mgongo, akaendelea na simu yake. Yaani nimelipa pesa yote, taslimu, bila kuomba kupunguziwa!

Lakini niseme haki. Uchomeleaji wao ni safi kuliko wowote niliouona Nyanda za Juu Kusini. Chuma cha pua wamekichomelea kwa gesi ya argoni, na wakapitisha argoni hadi ndani ya bomba ili mshono usiungue kwa ndani, jambo ambalo mafundi wengi hawajishughulishi nalo. Kona zimepindwa bila bomba kubonyea. Limepanda juu vizuri, mawe hayaligusi. Walitaka kunifungia la inchi mbili na nusu, nikagoma, tukaishia inchi mbili, kwa sababu injini ya lita 1.6 isiyo na turbo ukiipa bomba pana sana moshi unapoa na kupoteza mwendo, gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini. Sikutegemea miujiza pia: Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe nyepesi, na nguvu inayopotea kwa mwinuko hairudishwi na ekzosi yoyote. Hata hivyo, injini ikipita mizunguko 4,000 kwa dakika sasa inavuta kwa raha ambayo sikuwahi kuipata kwenye gari hili, na mlio wake mzito, mzuri, naupenda mno. Kwa kazi ya mikono ningewapa nyota nne.

Ningewapa, kama si masega, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi. Tulikubaliana wayatoe kwa ajili ya uwanjani na wanikabidhi, nirudishie nikiwa barabarani. Nilipoyadai nikaambiwa "yalikuwa mabovu, tumetupa". Nani anatupa masega? Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wanapita gereji hadi gereji wakiyaulizia! Hayakuwa mabovu. Nyota nne nimezifuta, nawapa moja, na hiyo ni ya kijana aliyechomelea.

Fundi mwingine, wa Uyole, amekata kile kipande na kuweka fleksi, yaani kipande cha bomba kinachonyumbulika, kazi ya asubuhi moja. Akabadilisha na mipira inayobeba injini, iliyokuwa imelegea. Plagi zimerudi rangi yake na ufa haujaonekana tena. Masega yangu bado nayadai.