Geji ya busti kwa Subaru ya turbo: ipi ununue

Forester au Impreza nyingi za turbo hazikwambii turbo inasukuma hewa kwa presha gani (presha hiyo ndiyo busti), na hapo injini inaweza kufia. Mpira wa intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ukipasuka, gari linakuwa zito. Mpira wa westigeti, mlango unaopunguza nguvu ya turbo, ukichomoka ni hatari zaidi: presha inapanda bila breki, na pistoni zinaweza kuvunjika.

Chaguo langu la kwanza ni geji ya umeme. Sensa inabaki kwenye injini, ndani zinaingia waya tu. Ukiwa na hela, chukua Defi ya kampuni ya Nippon Seiki, Japani; mshale wake unatembea bila kurukaruka. Ila bandia zimejaa madukani, kwa hiyo boksi lifunguliwe uone sensa na waya zake kabla hujalipa. Geji za kampuni ya AEM nazo ni nzuri.

Ya pili ni ya mpira, isiyotumia sensa: mpira wa hewa unatoka kwenye injini hadi kwenye geji yenyewe. Ni rahisi na inasema kweli, mradi mpira upite mahali salama. Wangu fundi aliupitisha karibu na bomba la ekzosi. Siku chache baadaye nikasikia "sss" na injini ikaanza kutetemeka nikisimama kwenye taa. Mpira ulikuwa umeyeyuka, umetoboka tundu la kuingia njiti ya kiberiti.

Kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari na kuonyesha namba kwenye simu, nakiweka mwisho. Ni bei nafuu, lakini namba huchelewa, na presha ikiruka ghafla hutaiona. Baadhi ya Subaru za zamani za Japani hata hazielewani nacho.

Ukinunua geji yoyote kati ya hizo mbili za kwanza, fundi akate mpira unaotoka kwenye manifodi (bomba la kugawia silinda hewa), baada ya throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, aweke kiungo cha T na kukikaza kwa klipu. Akiunga kabla ya throto, hutaona mvuto wa injini, yaani namba za chini ya sifuri.

Kusoma sasa. Sifuri ni hewa ya pale ulipo. Bar 1 ni psi 14.5. Injini ya petroli ikiwa imepata moto na hujakanyaga mafuta, Mombasa mshale hukaa kama bar -0.65. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, utaona kama -0.5. Usimlaumu fundi, hewa ya huko ni nyepesi. Dizeli yenyewe hukaa karibu na sifuri.

Gari likiwa halina tatizo, panda mlima gia ya tatu, kanyaga hadi chini, abiria wako aandike namba ya juu kabisa. Siku namba hiyo ikishuka, anza na mipira ya intakula. Ikizidi, toa mguu na uende kwa fundi polepole.